UZI: Mbwa akishazaa, jicho liwe kwa mama kabla ya watoto

Mwanzisha uzi, Tororo

Ndugu zangu, salaam. Kwa jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, mbwa amezaa juzi. Nimepita pale asubuhi nikakuta watoto wa mtaa wamejazana, kila mmoja ameshachagua wake: huyu mweusi wangu, huyu mwenye soksi nyeupe wangu. Mama mtu amelala pembeni kwenye saruji, ulimi nje, sufuria yake ya maji kavu. Nimerudi nyumbani kazi ikanishinda, maana mimi nilikuwa vivyo hivyo mwezi wa tatu, na kosa hilo lilitaka kuniulia mbwa. Naandika ninayoyajua. Mwenye zaidi aongeze, nilipokosea anirekebishe.

Mbwa wangu anaitwa Vumilia. Ni wa kienyeji, rangi ya mchanga, mkia umejikunja, umbo dogo. Alizaa watoto saba usiku wa mvua kubwa, nyuma ya banda la kuni, na wote wakaishi. Nilifurahi kupita kiasi. Kila siku nawapima watoto, nawapiga picha, nawatumia ndugu zangu Jinja nilikokulia, kambini, enzi baba akiwa askari. Chakula cha mama hakikubadilika: posho (ugali) na mapafu ya ng'ombe kutoka kwa muuza nyama, sahani moja jioni, kama alivyozoea miaka yote. Alikuwa anakonda, mbavu zinahesabika, nami nikasema ndiyo kawaida ya anayenyonyesha.

Siku ya 19, saa mbili usiku, akatoka kwenye boksi lake akaanza kuzunguka uani. Anahema kama aliyekimbizwa, na usiku wenyewe ulikuwa wa baridi. Watoto wanalia, hawasikii. Akarudi, akatoka tena. Nikadhani kaona nyoka. Kufika saa tatu miguu ya nyuma ilikuwa imekakamaa, anatembea kama meza, misuli ya uso inamcheza, mate yanamtiririka. Kisha akaanguka ubavu, mwili mzima ukatetemeka, miguu inapiga hewa.

Majirani waliposikia kelele waliingia. Wa kwanza kufungua mdomo alisema "kichaa". Mbwa anayetokwa mate, anayetetemeka, anayeyumba, katika Uganda hii nani atamlaumu mtu akisema kichaa? Ugonjwa upo na unaua watu. Panga lilishaletwa. Nilisimama mlangoni mwa banda na kadi ya chanjo mkononi, naimulika kwa tochi ya simu, nawaonyesha tarehe: amechanjwa Januari mwaka huu. Nikawasihi wanipe nusu saa. Walinipa, na mpaka leo nawashukuru.

Daktari wa mifugo alifika kwa boda. Alivaa glavu, akaiangalia kadi, akauliza mambo mawili tu: amezaa lini, na watoto wangapi. Nilipomjibu alisema kabla hajafungua begi, "Kalsiamu imemwishia." Akampima joto, likawa limepita nyuzi 41 kwa ajili ya kule kutetemeka. Akampiga sindano ya kalsiamu kwenye mshipa wa mguu wa mbele, polepole mno, huku anasikiliza moyo. Alinieleza kwamba dawa hiyo ikiingia kwa haraka moyo husimama, ndiyo maana si ya kujipigia nyumbani. Baada ya dakika kama ishirini mtetemeko ulipungua. Vumilia akapiga miayo, akainua kichwa, akaanza kutafuta watoto wake kwa pua. Wale wale wa panga walikuwa bado wamesimama. Mmoja alikwenda kwake akarudi na kikombe cha maziwa.

Kilichotokea ni hiki. Mbwa anayenyonyesha hutoa kalsiamu nyingi kwenye maziwa, na chakula pamoja na mifupa yake vinaposhindwa kuirudisha upesi, damu inapungukiwa. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaujua ugonjwa huu kwa jina la homa ya maziwa, ila ng'ombe hulegea na kupoa, mbwa hukakamaa na kuwaka moto. Huwapata zaidi mbwa wenye umbo dogo na watoto wengi, mara nyingi kati ya wiki ya kwanza na ya nne baada ya kuzaa, pale maziwa yanapotoka kwa wingi. Dalili za mwanzo ni ndogo na rahisi kuzipuuza: hatulii, anahema pasipo joto, anawaacha watoto, anajikuna uso, hatua zinakuwa ngumu. Piga simu hapo hapo. Ukingoja aanguke umechelewa, na wengine hawapati jirani wa kuwapa nusu saa.

Watoto tuliwatenga naye kwa saa 24, kwa sababu wakiendelea kunyonya hali hurudi. Nikawalisha mwenyewe. Maziwa ya ng'ombe peke yake ni mepesi kwa mtoto wa mbwa, mafuta na protini havitoshi na sukari yake huwaharisha, kwa hiyo nilichemsha maziwa, yakapoa hadi uvuguvugu, nikachanganya kiini cha yai na mafuta kidogo ya kupikia. Hayo ni ya dharura, si ya kulelea mtoto hadi akue. Mtoto analishwa akiwa amelala kifudifudi, kama anavyonyonya. Ukimlaza chali kama mtoto wa mtu, maziwa yanaingia mapafuni. Wangu walikuwa wamefungua macho, nilikuwa nawapa kila saa nne mchana na usiku. Wa wiki ya kwanza ni kila saa mbili au tatu, na baada ya kila mlo lazima umpanguse chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu ndipo akojoe, kwa kuwa bado hawezi mwenyewe. Kazi hiyo mama huifanya kwa ulimi wake usiku kucha, wala hatumwoni.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu.

Wiki ya kwanza anahitaji kama mara moja na nusu ya chakula chake cha kawaida. Wiki ya tatu na ya nne, mwenye watoto wengi hufika mara tatu, hata nne. Chakula kingi hivyo hakiingii tumboni kwa mlo mmoja, basi mgawie mara tatu au nne kwa siku, na usiku umwachie kidogo. Posho ni ya kujaza tumbo. Mapafu na nyama tupu vina protini lakini kalsiamu karibu hakuna. Mimi niliona nampa nyama, nikajua nampa kilicho bora, kumbe kalsiamu iko mifupani. Daktari aliniambia tumia mukene, yaani dagaa. Samaki hao wadogo huliwa wazima na mifupa yao, na sokoni hawakosekani. Wasafishe, maana wanaoanikwa chini hubeba mchanga mwingi, kisha watwange na kuwapika ndani ya posho. Yai la kuchemsha likipatikana, zuri. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika kama sindano.

Na maji. Maziwa hutengenezwa kwa maji. Sufuria iwe karibu naye kiasi cha kuifikia bila kuwaacha watoto, lakini pana na fupi, mtoto akitambaa asizame.

Mahali pa kulala: pakavu, pasipo upepo, pawe na ukuta wa kumzuia asimbane mtoto. Mtoto wa mbwa wa wiki ya kwanza hana uwezo wa kujipasha joto, anahitaji hewa ya nyuzi kama 29 hadi 32, na usiku wa mvua hapa Tororo haufiki huko. Chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa inatosha, ila iwekwe upande mmoja, mama apate pa kupoa.

Mchangiaji, Kireka

Ssebo, pole sana kwa yaliyokukuta. Wangu ni German Shepherd, amejifungua juzi watoto tisa. Anatokwa na uchafu wa kijani kibichi, karibu uwe mweusi. Shemeji yangu ananiambia kuna mtoto ameozea tumboni. Anakula vizuri, ananyonyesha, ila mimi usingizi sipati. Nimpeleke sasa hivi ama?

Mwanzisha uzi, Tororo

Nnyabo, hongera kwa tisa, na hofu yako naielewa. Rangi hiyo ya kijani hutoka kwenye kondo la nyuma, ndipo ilipotengenezwa. Siku ya kwanza na ya pili baada ya kuzaa si ajabu kuiona. Baadaye inageuka kahawia yenye wekundu, kama maji ya kutu, inapungua siku hadi siku, na inaweza kuendelea wiki tatu, wengine hadi sita. Kijani cha kuogopwa ni kile kinachotangulia kabla mtoto wa kwanza hajatoka, na mtoto mwenyewe haonekani.

Tumia pua yako. Uchafu wa kawaida una harufu ya damu tu. Ukinusa kitu kilichooza, ukiona usaha, au damu mbichi inayotiririka, au mama amesusa chakula na watoto wanalia yeye hawasogelei, huyo mfuko wa uzazi umeingia ugonjwa, siku hiyo hiyo kwa daktari. Nunua kipimajoto, wasaa wako wa usiku utakuwa mwepesi zaidi. Mbwa mzima ana nyuzi 38 hadi 39.2. Siku za kwanza baada ya kuzaa inaweza kupanda kidogo tu. Ikivuka 39.5 usikae nayo.

Ulihesabu makondo? Kila mtoto huwa na lake, na mama huyala upesi sana, kwa hiyo usipopata hesabu usijilaumu. Kama una nafasi mpeleke leo au kesho akakaguliwe tu. Wewe uko karibu na Makerere, chuo chao cha udaktari wa mifugo kinatibu hata mbwa.

Mhudumu wa mifugo, Mbale

Mwanzisha uzi umeandika vyema, naongeza yangu nikiwa mtu wa kazi hii.

La kwanza, kuna watakaosoma habari ya Vumilia wakakimbilia duka la dawa kununua vidonge vya kalsiamu wampe mbwa mwenye mimba, ili wazuie. Msifanye hivyo. Shingoni kuna tezi ndogo ambazo kazi yake ni kuiamuru mifupa itoe kalsiamu damu inapopungukiwa. Ukimmwagia mbwa kalsiamu mimba nzima, tezi hizo zinalala. Siku ya kunyonyesha ikifika na mahitaji yakapanda ghafla, hazizinduki upesi. Ndiyo unakuwa umeuita ugonjwa mwenyewe. Chakula kizuri wakati wa mimba, vidonge baada ya kuzaa na kwa kauli ya daktari.

La pili, dawa za ng'ombe. Nakutana nalo kila wiki. Mtu ana dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe, anaona mbwa wake ana viroboto, anampaka. Mbwa anajilamba, watoto wananyonya matiti yale yale. Nimeitwa kukuta watoto wote wamekufa na mama anatokwa povu. Vivyo hivyo ile sindano ya njano ya tetrasaiklini, inapita kwenye maziwa na kuharibu meno na mifupa ya watoto. Na dawa za maumivu za binadamu, diklofenaki na wenzake, ni sumu kwa mbwa. Akiwa na viroboto, mchane kwa chanuo la meno membamba, badilisha matandiko, yaanike juani.

La tatu, mpapase matiti kila siku, moja moja. Yanatakiwa kuwa laini na ya joto la kawaida. Moja likiwa gumu, jekundu au la zambarau, la moto, na maziwa yake yana rangi ya usaha au damu, ni ugonjwa wa titi, ule ule wa kiwele kwa ng'ombe. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku, lakini dawa iandikwe na daktari atakayejua kwamba kuna watoto wanaonyonya. Kucha za watoto zikate ncha kuanzia wiki ya pili, ndizo zinazomkwaruza.

Mwanzisha uzi, Tororo

Daktari, asante sana. Habari ya tezi sikuijua, nami nilishapanga kumpa Vumilia vidonge safari nyingine. Nimefuta mpango huo.

Mchangiaji, Gulu

Sisi huku adui yetu ni wawili, wala hamjawataja.

Mmoja ni yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi na mchanga wenye mkojo. Funza wake anaingia kwenye ngozi, unaona kijipu chenye tundu katikati, na ndani kinacheza. Mtoto wa mbwa wa wiki mbili anaweza kuwa na vijipu ishirini, akadhoofika, mama akachoka kumlamba. Tandiko la mbwa aliyezaa lifuliwe, likauke kabisa juani, na likiwezekana lipigwe pasi pande zote mbili, kama tunavyofanya nguo za watoto wetu. Kijipu ukikipata, kipake mafuta mazito ya kujipaka uzibe tundu, funza akikosa hewa atachungulia, ndipo umkamue taratibu. Akipasukia ndani panavimba.

Wa pili siafu. Mvua ikiponda, wanahama, na mtoto wa mbwa hawezi kukimbia. Mjomba wangu alipoteza wanne usiku mmoja, mama akibaki amejaa siafu miguuni anawabeba mmoja mmoja kuwapeleka barabarani. Alifanikisha wawili. Tangu hapo kwetu mbwa akizaa wakati wa mvua analetwa ndani ya jiko, nyasi zinafyekwa pande zote, na jivu la moto linamwagwa kuzunguka ukuta kila jioni.

Mwanzisha uzi, Tororo

Nimesoma hii ya mjomba mara mbili. Banda langu la kuni limezungukwa na nyasi mpaka magotini. Kesho naamka na panga.

Mchangiaji, Kasese

Jamani naomba msaada bila kunicheka. Mbwa wangu amezaa mara ya kwanza, watoto watano. Siku ya pili alimla mmoja. Leo nimekuta mwingine amemsukuma nje ya boksi, ni wa baridi kama jiwe lakini anapumua. Baba yangu anasema mbwa akishaonja damu ya mtoto wake hafai tena, tumwondoe.

Mwanzisha uzi, Tororo

Hapa hakuna wa kukucheka, ndugu. Kwanza huyo wa baridi, sasa hivi kabla hujamaliza kusoma: muweke ndani ya shati lako, ngozi kwa ngozi, mpashe joto polepole kwa nusu saa au zaidi. Usimpe maziwa akiwa baridi, tumbo lake halisagi, yatamuua. Akichangamka na kuanza kutafuta chuchu, mrudishe umshikilie kwenye titi la nyuma, huko ndiko maziwa huwa mengi. Mama humsukuma nje mtoto aliyepoa kwa kuwa kwake huyo ni kama amekufa. Mara nyingi ukimrudisha wa moto anampokea.

Kuhusu aliyeliwa: huenda alizaliwa amekufa au dhaifu, na mama alisafisha kiota. Mama wa mara ya kwanza akibanwa na watu anaweza pia kuwaumiza kwa woga. Niambie, wangapi wameingia kumwona tangu azae? Funga mlango. Mtu mmoja tu ndiye ampelekee chakula, awe yule anayempenda zaidi. Giza kidogo, kimya, watoto wa jirani wasubiri wiki tatu. Akiwabeba na kuwahamisha usimrudishe kwa nguvu, nenda ukaangalie alichokikimbia: labda panavuja, labda viroboto, labda kelele.

Mwambie baba, kwa heshima yote, ampe wiki moja.

Mchangiaji, Bombo

Assalaam alaykum. Sisi ni Waislamu, mbwa tunaye wa ulinzi, anakaa nje getini, ndani haingii. Amezaa chini ya gari bovu. Mama yangu hataki tumguse kwa sababu ya mate, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenituma niulize, maana tumelelewa tukisikia habari ya yule aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa. Tufanye nini bila kumshika?

Mwanzisha uzi, Tororo

Wa alaykum salaam, na mama nimsalimie sana. Mengi hayahitaji mkono. Mwekeeni boksi pana au tairi kuukuu lenye magunia makavu hapo hapo chini ya gari, kisha ninyi mwondoke, atawahamisha mwenyewe. Vyombo vyake viwe vya kwake, vya kumiminia kwa mbali. Kubadilisha matandiko tumia glavu na fimbo ya kuvutia gunia. Kumkagua kwa macho kunatosha: anakula, anarudi kwa watoto, matumbo ya watoto yamejaa, wamelala kimya wamerundikana. Watoto wanaolia mfululizo wana njaa au baridi.

Dawa za minyoo mhudumu wa mifugo aje awape yeye. Hili lisiachwe, hasa penye watoto wa watu wanaocheza uani, kwa sababu minyoo ya mbwa huwaingia na wao. Mtoto wa mbwa huzaliwa nayo tayari au huipata kwenye maziwa, ndiyo maana dawa huanza wiki ya pili, na kurudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya nane, mama akipewa pamoja nao. Ukiona fizi za mtoto nyeupe kama karatasi, minyoo ya safura inamnyonya damu, hiyo ni ya kukimbilia kwa daktari.

Mchangiaji, Soroti

Nisamehe mwanzisha uzi, lakini kuna jambo linanisumbua. Milo minne kwa siku, mayai, mukene. Wanangu wenyewe yai wanaliona Krismasi. Mbwa wangu amezaa sita. Nifanyeje, niwanyime watoto nimpe mbwa?

Mwanzisha uzi, Tororo

Kaka, umefanya vizuri kuliuliza, na sitakujibu kana kwamba pesa ni maji. Watoto wako kwanza, hilo halina mjadala.

Kuna mukene wa vumbi na vichwa, wale wanaouziwa wafuga kuku. Ni wa bei ya chini na mifupa yote imo. Konzi mbili kwenye sufuria ya posho, zichemke. Ukoko wa posho, maganda ya viazi vitamu yaliyooshwa na kupikwa, maharage yaliyobaki, vyote vinajaza. Utumbo na damu za machinjioni vikipikwa vikaiva vinatosha, vibichi vina minyoo. Kitu kimoja usimpe hata kama ni cha bure: mahindi yaliyoota ukungu. Watu huona hayafai kwa mtu wakampa mbwa, na sumu ya ukungu huo hula ini lake polepole mpaka afe.

Halafu punguza mzigo mapema. Wiki ya tatu ikiisha watoto wanaanza kulamba. Mpikie uji mwepesi, uchanganye na unga wa mukene, uweke kwenye sinia. Siku ya kwanza wataukanyaga zaidi ya kuula. Kwa wiki ya tano au ya sita watakuwa wanashiba humo, na mama atakuwa amepumua. Wangu niliwaanzisha siku ya 21 kwa amri ya daktari, na ndicho kilichomwokoa Vumilia asirudie kutetemeka.

Mhudumu wa mifugo, Mbale

Naongezea kwa wote: kadi ya chanjo. Mmeona ilivyofanya kazi Tororo. Mbwa asiye na chanjo ya kichaa akitokwa mate na kutetemeka, hata kama amezaa, hata mimi simkaribii kwa mikono mitupu, na mtu akiumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo akachomwe chanjo, asingoje dalili, kwa maana dalili zikitokea hakuna tiba. Watoto wachanjwe kichaa wakifika miezi mitatu. Chanjo ya parvo (virusi vya kuhara damu kwa mbwa) anzeni wiki ya sita hadi ya nane.

Mchangiaji, Kireka

Narudi na mrejesho. Leo siku ya sita. Uchafu umekuwa wa kahawia na umepungua. Joto 38.7. Nimempapasa matiti kama mlivyosema, titi moja la nyuma lilikuwa gumu jana, nimelikanda na kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kumsogezea mtoto mkubwa, leo limelainika. Watoto nawapima kwa mizani ya jikoni, kila mmoja ameongezeka isipokuwa mdogo kabisa. Nilikuwa nimewafunga uzi wa rangi shingoni niwatofautishe, ni sawa?

Mwanzisha uzi, Tororo

Nnyabo, kata nyuzi hizo leo! Watoto hunenepa kwa siku, uzi haunenepi. Wapake rangi ya kucha kwenye ukucha wa mguu wa nyuma. Huyo mdogo mtangulize yeye kwenye titi la nyuma, wenzake wakiwa wametengwa robo saa, kila mara unapopata nafasi. Mtoto mwenye afya uzito wake huzidi mara mbili ndani ya siku kumi hivi. Akikaa siku nzima bila kuongezeka mwanzie chupa.

Na watoto wakishaachishwa usimnyime mama chakula ghafla, mpunguzie polepole pamoja na maziwa. Maziwa yakikauka kabisa, zungumza na daktari juu ya kumfunga kizazi. Vumilia amefungwa mwezi wa sita, mishono imepona, amenenepa hadi majirani wanauliza nampa nini.

Mchangiaji, Kasese

Yule wa baridi ananyonya. Alikaa ndani ya shati la baba saa nzima. Baba mwenyewe ndiye aliyemshika.

Mwanzisha uzi, Tororo

Mungu awabariki ninyi wawili. Funga mlango sasa, umwache na watoto wake.

Mimi jioni nimerudi kwa yule jirani na beseni la maji. Mbwa wake amekunywa lote bila kuinua kichwa, nikajaza tena akanywa nusu. Tumehesabu siku naye, yule mama yuko siku ya sita. Nimeandika siku ya 10 na ya 28 ukutani kwake kwa mkaa, na kati yake namba ya simu ya daktari. Sasa naenda kumtafutia boksi, saruji ile ni baridi.